Ndiyo ya Shangazi Yako

Maili Moja, Kibaha
Jumamosi, 9 Machi 1985

Zaina,

Leo nitakwambia yote, hata yale uliyoyadai kwa kelele siku ya Jumanne nami nikanyamaza. Nimeapa hivyo asubuhi hii, peke yangu, kwa sababu najua mbele yako kiapo changu hakina maana tena. Umekwenda kushonesha zipu ya begi lako la safari, na fundi yule ana maneno mengi, kwa hiyo nina muda wa kuandika mpaka mwisho.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za wanaume wa mjini. Una miaka ishirini na moja. Kama hujayajua hayo, barua haitakusaidia. Tena nimekasirika, na siwezi kujifanya sikukasirika. Siku nne hujaniamkia. Unanipita uani kama ninavyopitwa na kuku. Jana nilipokwambia chakula kiko tayari ulinijibu, "Kasome daftari lako, mwanafunzi." Najua kurudi kwangu darasani ni kichekesho kwako, mama mtu mzima anabeba rula na kalamu kila alasiri kwenda kusomea mitihani ambayo alipaswa kuifanya akiwa msichana. Cheka. Lakini mwalimu wetu ametufundisha kwamba jambo lolote, hata la aibu, huelezeka likianza mwanzo wake, na mimi nitaanza na Jumatatu.

Jumatatu ulirudi na karatasi kutoka ofisi inayokuajiri Dar es Salaam. Uliniambia wameletewa kompyuta ya kuandikia, mashine yenye kioo kinachowaka, na kwamba mtu akiandika barua humo mashine humwuliza maswali, aiweke barua au aifute, aendelee au aishie hapo. Maswali yamekuja kwa Kiingereza, nao wamekupa wewe kazi ya kuyaandika kwa Kiswahili kabla hujaripoti. Nilijivuna, Zaina. Nilikaa karibu nawe mkekani nikasoma. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu uliandika hivi:

JE, HUTAKI KUHIFADHI BARUA HII? NDIYO / HAPANA

Nikakuuliza, "Mtu akijibu ndiyo, barua inabaki au inapotea?"

"Inapotea. Si amesema ndiyo, hataki?"

"Na kama alikuwa anasema ndiyo, anataka?"

Ukacheka. "Mama, nani atajibu hivyo?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote aliyezaliwa kijijini kwetu Kibuta."

"Basi watu wa Kibuta wasiiguse kompyuta."

Ndipo nilipokunyang'anya karatasi ikachanika, ukaniita mgomvi. Kesho yake ukafungua sanduku langu kutafuta cheti chako cha kuzaliwa, ukaikuta karatasi nyingine, ya zamani, imekunjwa mara nne, yenye mwandiko wangu na jina la shangazi yako.

"Mama, hii nini?"

"Umeitoa wapi?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Karatasi ya zamani. Ya kijiji. Irudishe."

"Hapa pameandikwa 'Ndiyo' kwa wino. Na hapa pembeni, kwa penseli, pameandikwa 'anataka'. Nani kaandika kwa penseli?"

Nikanyoosha mkono niichukue. Ukasema, na sauti yako bado naisikia, "Kwa hiyo ulijua. Miaka yote hii ulijua."

Ndiyo maana ya barua hii. Umesema nimwambie shangazi yako ukweli mimi mwenyewe, la sivyo utampelekea karatasi. Hilo nitalijibu, lakini kwanza sikiliza.

Mwaka 1974, serikali ilipotutaka tuache nyumba zetu zilizotawanyika mashambani tukakae pamoja kijijini, kando ya barabara, katibu wa kijiji alinichukua kuwa karani wake. Nilikuwa mwanamke pekee Kibuta aliyefika darasa la nane, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali. Idadi ya watu. Wagonjwa. Na lile swali ambalo lingeamua mambo, yaani nani bado anataka mashamba yake ya zamani na nani ameyaacha, maana yaliyoachwa yangefyekwa kuwa shamba la kijiji.

Katibu hakuyaandika maswali. Aliniambia, "Yaandike wewe, mama, lakini kwa heshima. Hawa wazee wakiulizwa kama polisi anavyouliza watanitukana."

Nami nikaandika kwa heshima. Wewe unajua jinsi watu wa kwetu wanavyomkaribisha mtu. Hawamwambii "Unataka chai?" kana kwamba wanamhesabia vikombe. Wanamwambia "Hutakunywa chai?" na mgeni anajibu "Ndiyo, nitakunywa", na chai inaletwa. Basi nikaandika, JE, HUTAPENDA KUENDELEA KUVUNA SHAMBA LAKO LA ZAMANI? Nililisoma kwa sauti peke yangu nikaona ni swali zuri sana. Lilikuwa kama kumkaribisha mtu ndani. Chini yake nikachora kisanduku cha jibu, upana wa vidole viwili, kinachotosha neno moja.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa hawezi tena kusimama sawasawa. Nikamsomea. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Sitapenda. Miguu imekwisha." Nikaandika Ndiyo. Nyumba ya pili mwanamke akasema, "Ndiyo, nitapenda, watoto watakula nini?" Nikaandika Ndiyo. Nilisikia tofauti, Zaina. Usidhani sikusikia. Nilisikia kwa masikio yangu mawili kwamba huyu amekataa na huyu amekubali, na kwenye karatasi mbili nikaandika neno lile lile, nikaendelea na safari. Nilijiambia nitakumbuka. Nilijiambia pia kwamba kuongeza maneno nje ya kisanduku kutachafua karatasi, na karatasi zilikuwa zinakwenda wilayani Kisarawe. Nilitaka mtu wa wilayani aseme, karani huyu ni nani, mwenye kazi safi namna hii?

Kwa shangazi yako nilifika alasiri. Alikuwa barazani anabangua korosho, mikono myeusi kwa utomvu.

"Wifi," nikamwambia, "naomba nikuulize swali la serikali."

"Uliza, karani. Leo mpaka viatu umevaa."

Nikamsomea swali.

"Ndiyo!" akasema. "Niiache mikorosho ya mama? Ndiyo, ndiyo! Andika ndiyo mbili."

"Moja inatosha."

"Karani bahili wewe."

Tukacheka wote wawili. Nataka ulijue hilo, kwamba tulicheka. Mimi na wifi yangu hatukuwa watu wa kucheka pamoja.

Sasa nitakwambia kwa nini. Nilipoolewa na baba yako, wifi alisimama mbele ya wanawake wote jikoni akasema, "Huyu mke wa kaka amesoma. Muulizeni basi, mchi una herufi ngapi?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga mchele. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya kutwanga. Neno lile nililiweka moyoni.

Karatasi zilikwenda wilayani zikasomwa na mtu ambaye hakuwa barazani, hakuona mikono yenye utomvu, hakusikia ndiyo ya pili. Alisoma "Hutapenda?" akasoma "Ndiyo", akaamua kama wewe ulivyoamua Jumatatu mkekani. Hatapenda. Miezi michache baadaye watu walifika na mashoka kwenye mikorosho iliyopandwa na bibi yako.

Wifi alikuja ofisini anakimbia, kichwa wazi, kanga mkononi. Ofisi ilikuwa imejaa watu waliokuja kwa mambo yao. Katibu akamwonyesha karatasi.

"Imeandikwa hapa, ndiyo, hutapenda."

"Mimi? Mimi nimesema sitaki mikorosho ya mama yangu?"

"Karatasi ndiyo inayosema, bibi, si mimi."

Akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa ugomvi, Zaina. Alinitazama kama mtu aliyemwona ndugu yake kwenye umati. Akasema, "Muulizeni wifi yangu. Yeye alinisikia."

Wote wakanigeukia, na katibu pia. Muda huo walikuwa wamekwisha kata miti mitatu tu. Ningesema neno moja, anataka, ingebaki kuwa mitatu.

Nikasema, "Ulisema ndiyo, wifi."

Umeniita mwongo mbele ya jirani, na nilitaka kukupiga, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya kweli kila neno. Alisema ndiyo. Ndiyo uzuri wake na ndiyo uchafu wake. Nimekaa nayo miaka kumi nikijiambia sikudanganya. Nilimwogopa katibu, hilo ni kweli. Nilikuwa sitaki kupoteza kazi, hilo pia ni kweli. Lakini nimeapa kusema yote, na yote ni kwamba nilipoyasema maneno yale, mbele ya wanawake wale wale wa jikoni, nilisikia raha. Ilikuwa ndogo. Ilikwisha kabla hajatoka mlangoni. Lakini ilikuwepo.

Katibu akacheka. "Siku nyingine uwe unasikiliza swali, Bi Ndiyo." Jina likatoka naye mlangoni. Kufika jioni lilikuwa limefika kisimani.

Na wewe usijifanye msafi. Ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa wa kwanza kuliimba hapo uani, "Bi Ndiyo, gawa mkeka! Bi Ndiyo, gawa na nyumba!" Nimeandika hivyo ili uumie. Sitayakata maneno hayo, lakini naongeza kwamba wewe ulikuwa mtoto, na mimi niliyekuwa jikoni nakoroga uji nikikusikiliza sikuwa mtoto.

Karatasi niliichukua ofisini mwaka uliofuata, walipokuwa wanazitoa za zamani kwenda kuwashia moto. Niliichagua ile moja. Nikaandika "anataka" kwa penseli pembeni ya kisanduku, mahali ambapo palikuwa na nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Nilidhani nikiandika nitapumua. Sikupumua. Nikaikunja.

Baba yako hakuwahi kujua. Alimwambia dada yake, "Umegawa mali ya mama kwa mdomo mmoja," akaacha kwenda kwake. Alipougua ugonjwa wa mwisho, wifi alitembea kutoka kwake mpaka kwetu akasimama nje ya dirisha, hakuthubutu kuingia, akasema, "Kaka, nisamehe kwa mdomo wangu." Mimi nilikuwa ndani, nimemshikia baba yako kikombe cha maji. Baba yako akageukia ukutani. Nilikuwa na kikombe mkononi na neno mdomoni, na kile nilichofanya ni kuuliza kama anataka maji zaidi.

Hilo ndilo ambalo hukulijua. Sasa unalijua, na unaweza kunichukia kwa hesabu kamili.

Nirudi kwenye kazi yako, maana hata kama hunipendi utaifanya, na watu watakaoketi mbele ya mashine ile hawana kosa. Karatasi yako niliyoichana nimeibandika kwa uji wa ngano. Iko ndani ya bahasha hii. Nimeisoma yote, mara nyingi, nikiwa na hasira, na hasira husoma vizuri.

Mahali umeandika ACHA MABADILIKO? Ni acha ipi hiyo? Nikikwambia acha ndoo hapo, ndoo inabaki. Nikimwambia mlevi acha pombe, pombe inaondoka. Neno ni lile lile. Mtu wa ofisini amesahihisha barua ya mkubwa wake tangu asubuhi, mashine inamwuliza acha mabadiliko, naye anasema moyoni, ee, yaache hivyo hivyo, yamependeza. Anabonyeza, kazi yake inapotea. Utamwambia nini? Kwamba alisema ndiyo?

Na TOA NAKALA. Mwalimu wetu wa hesabu akisema toa, kitu kinapungua. Mwenye duka akisema toa, kitu kinakuja. Wewe unajua ulimaanisha kuchapa kwenye karatasi. Andika basi CHAPA KWENYE KARATASI. Ni maneno marefu zaidi, najua. Na mimi nilikuwa na kisanduku cha vidole viwili.

Lile la tatu lifute kabisa. Usiweke "si" wala "hu" ndani ya swali, hata kama linasikika kwa adabu. Na sidhani hata ndiyo na hapana zinahitajika. Mwache mtu ajibu kwa tendo lenyewe. Upande mmoja TUNZA BARUA. Upande mwingine FUTA BARUA. Mtu akiweka kidole juu ya neno "futa" anajua kidole chake kimekaa wapi. Nilikaa nikajaribu swali langu la zamani kwa namna hiyo. ATAVUNA. AMEACHA. Ningezungushia moja wino. Hata mtu wa wilayani, hata mjinga wa wilayani, asingekosea. Ingenichukua muda wa kunywa chai kulifikiria, na sikulifikiria, kwa sababu nililisoma swali kwa masikio yangu mwenyewe, na kwa masikio yangu lilikuwa tamu.

Utaniambia kompyuta si Kibuta. Mimi nasema ndiyo hatari yake. Pale barazani angalau kulikuwa na mtu aliyesikia, akachagua kunyamaza. Mashine haitasikia kitu. Atakayebonyeza atakuwa peke yake na maneno yako.

Wakikuambia umechelewa kwa sababu ya neno moja, chelewa.

Sasa kuhusu karatasi uliyoichukua. Najua iko ndani ya kitabu chako cha upigaji chapa. Sijaigusa. Lakini usimpelekee. Nakukataza, na katika hili bado ni mama yako. Shangazi yako hajui kusoma. Itabidi umsomee, na habari hiyo itamfikia kwa sauti yako, na mimi nitakuwa nimekaa Kibaha salama, kama nilivyokaa nyuma ya ile meza ya ofisini. Lazima aisikie kutoka kwenye mdomo uliosema "Ulisema ndiyo, wifi."

Nimejiandaa. Kwenye daftari langu, lile unalolicheka, nimeandika nitakachosema. Mara ya kwanza niliandika, "Wifi, huenda siku ile kulitokea kutoelewana." Nilipoisoma niliona ni swali la heshima lingine, nikaikata. Mara ya pili niliandika kwamba karatasi ilikosewa wilayani. Nikaikata. Mara ya tatu imebaki hivi: "Wifi, ulisema unataka mikorosho ya mama. Nilikusikia. Uliponiita shahidi nilikuwa najua ukweli, nikauficha. Hukugawa kitu." Nimeisoma kwa sauti huku nikiangalia ukuta na sikuona mahali ambapo mtu anaweza kuielewa vingine.

Halafu nitamwomba twende wote mpaka ofisi ya kijiji, kama atakubali kutembea na mimi, niyarudie mbele ya watu. Mikorosho haipo. Baba yako hayupo. Lakini jina lile walimpa watu, na watu wanaweza kulivua. Naamini hivyo. Ana miaka sitini na kitu, bado anakwenda kisimani, na bado wako wanaomwita hivyo akiwa na ndoo kichwani. Akipata hata mwaka mmoja wa kuitwa kwa jina lake la Sikudhani mbele za watu, nitaona nimefanya kitu. Akinitemea mate nitajifuta. Akinifukuza nitarudi Jumamosi nyingine.

Nitakwenda Jumamosi ijayo, tarehe 16. Nimekwisha omba ruhusa darasani. Hilo si swali, nitakwenda. Nasikia lango, nadhani umerudi, kwa hiyo namalizia haraka; barua hii nitaitia kwenye begi lako uikute ukifika Dar es Salaam. Nimetia ndani bahasha yenye stempu na anwani yangu. Nataka jibu lako litoke Dar es Salaam siku ile ile utakayoisoma barua hii, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa hasira, lakini usiniandikie ndiyo wala hapana. Mimi mama yako nauliza hivi: siku hiyo ya Jumamosi, nikusubiri stendi ya Kisarawe twende kwa shangazi yako pamoja, au niende peke yangu?